Mizani za mkono za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa kibandani kwangu hapa Tabora, na kwa simu kutoka Kigoma, Nzega, Urambo na Uvinza. Wanaouliza ni masonara, wanunuzi wa dhahabu, warina asali wanaouza nta, wauza dawa za mitishamba, na watu waliofungua sanduku la marehemu babu wakakuta mizani ndani. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale yanayoumiza kichwa. Nikisema "tazama swali la 8", jibu liko huko, sitalirudia.

## Ya mwanzo

1. Mizani ya mkono ni ipi hasa?

Ni mizani inayolinganisha kitu na jiwe, yaani kipande chenye uzito unaojulikana, kwa kutumia mkono wa chuma, shaba au alumini ulioegemea kwenye kisu. Kisu ni kipande kidogo cha chuma kigumu chenye makali, kimepachikwa kwenye mkono, na makali yake hukaa juu ya kiti cha chuma au cha akiki, aina ya jiwe gumu. Zipo za mikono miwili iliyo sawa na vitanga viwili, kama za masonara. Zipo pia za kitanga kimoja: upande wa pili mkono umechorwa namba na kukatwa meno, na juu yake kuna jiwe dogo unalolisogeza jino kwa jino.

Neno la kushika ni "inalinganisha". Ya springi hupima jinsi springi inavyovutika. Ya betri hupima jinsi kipande cha chuma kinavyopinda chini ya mzigo. Ya mkono haijui gramu wala wakia. Inachojua ni kwamba huku na huku pako sawa, basi. Kwa hiyo ukweli wake unasimama juu ya vitu viwili: mawe yako na visu vyako. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye viwili hivyo.

2. Kwa nini nisinunue tu ya betri?

Nunua, hata mimi ninayo. Lakini jua udhaifu wake. Zile ndogo za bei ya chini, ukimwaga kitu punje moja moja, namba hukataa kusogea, kwa sababu zimetengenezwa zijirudishe sifuri zenyewe kila zinapoona badiliko dogo la polepole. Anayepima vumbi la dhahabu huumia hapo bila kujua.

Jambo la pili ni mvutano wa dunia. Karibu na ikweta, na juu ya mwinuko kama huu wetu wa takriban mita 1,200, vitu vina uzito mdogo kidogo kuliko London. Mizani ya betri au ya springi iliyorekebishwa London na kuletwa Tabora bila kurekebishwa upya itaonyesha pungufu ya gramu 3 na ushee kwa kila kilo. Ya mkono haina tatizo hilo, maana mvutano ukipungua unapungua pande zote mbili. Jiwe la gramu 100 linalingana na dhahabu ya gramu 100 Kigoma ufukweni, Tabora, na kokote kwingine.

3. Inaweza kuona kitu kidogo kiasi gani?

Inategemea ni ya kazi gani. Ya kaunta, ile ya vitanga viwili vilivyo juu ya mkono badala ya kuning'inia, huona gramu kadhaa tu. Mpango wake ulibuniwa na Mfaransa Roberval mwaka 1669, na ulikusudiwa urahisi wa dukani. Ya sonara iliyo na afya huona miligramu 10. Zile za greini (swali la 5) huona miligramu 6 hivi. Za maabara, zilizo ndani ya sanduku la kioo, huona miligramu 1 na chini ya hapo.

## Kuitambua

4. Mizani yangu haina jina. Nitajuaje ni ya wapi na ya lini?

Anza na mihuri, si na umbo. Igeuze, itazame chini ya kitako, kwenye mkono karibu na kisu, na kwenye vizibo vidogo vya risasi au shaba vilivyopigwa kwenye mawe. Lete tochi na kitambaa chenye spiriti kidogo, maana muhuri mwingi umefichwa na masizi.

Taji lenye herufi ni ukaguzi wa Kiingereza. VR ni enzi ya Malkia Victoria, hadi 1901. GR ni ya wafalme George V na George VI, 1910 hadi 1952. Taji lenye EIIR ni enzi ya Malkia Elizabeth II, 1952 hadi 2022. Ukikuta mihuri mingi, ule wa zamani zaidi ndio unaokaribia umri wa mizani. Mingine ni ya kukaguliwa tena na tena.

Herufi D.R.G.M. ni usajili wa Kijerumani ulioanza 1891. Hizi huku kwetu hazishangazi: reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na bidhaa za Kijerumani zilishuka humo humo. "West Germany" ni baada ya 1949. Kigoma na Ujiji huletwa mara chache mizani yenye maandishi ya Kifaransa, nayo si ajabu, kwani Wabelgiji waliingia Kigoma na Tabora mwaka 1916, na baadaye wakabaki na eneo lao pale bandarini.

Jina Avery ni la Birmingham. Bamba likitaja Soho Foundry, mizani ni ya baada ya 1895, mwaka ambao kiwanda kile kilinunuliwa. Salter nao ni Waingereza, lakini wengi wanaoniletea Salter wameniletea ya springi. Hiyo haihusiki na ukurasa huu.

5. Imeandikwa "GRAINS", haina gramu wala wakia. Ni ya nini?

Hiyo ni mizani ya kupimia baruti. Wawindaji na walenga shabaha wa Marekani na Uingereza wanaojaza ganda la risasi upya hutumia greini, kipimo cha zamani sana: greini 1 ni miligramu 64.8, na gramu 1 ni greini 15.43. Baruti ikizidi kidogo tu, shinikizo ndani ya mtutu hupanda vibaya, ndiyo maana mizani zao zimetengenezwa kuona sehemu moja ya kumi ya greini.

Utaitambua hivi: kitako cha chuma cha kumimina au cha plastiki, kirefu kama kiganja na nusu, mkono mmoja wenye mawe mawili au matatu ya kusogeza, kikombe kidogo chenye mdomo wa kumiminia, na skrubu ya mguu upande mmoja. Nyingi zina bapa la shaba au alumini mwishoni mwa mkono, linalopita katikati ya sumaku mbili bila kuzigusa. Bapa likitembea, sumaku inalizuia taratibu, na mkono unatulia baada ya kuyumba mara chache badala ya kucheza dakika nzima. Ni akili kubwa iliyowekwa kwenye kitu kidogo, na haihitaji betri.

Majina utakayoyakuta ni Ohaus wa New Jersey, RCBS wa California, Lyman na Redding. Usishangae RCBS yako ikifanana na Ohaus kama mapacha: kwa miaka mingi Ohaus ndio waliowatengenezea wenzao. Namba ya modeli hukwambia mengi. RCBS 5-0-5 ya mawe matatu hupima hadi greini 511, yaani gramu 33. RCBS 10-10 hufika greini 1,010, gramu 65 hivi, lakini juu ya nusu ya hapo inahitaji kijiwe chake cha ziada; kikipotea, tazama swali la 20. Redding No. 2 hufika 505.

Yangu ilitoka kwenye sanduku la bati la mzee mmoja wa Sikonge aliyewahi kuwabebea mizigo wawindaji wa kigeni. Wajukuu walidhani ni mashine ya kupimia sukari kwenye damu. Leo inapima dhahabu, na inaipima vizuri.

6. Nikikutwa na mizani ya baruti nitashikwa?

Mizani ni mizani, haiui mtu. Ila kutengeneza au kujaza risasi bila kibali ni kosa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Sanduku la babu likiwa na maganda, baruti au viwashio pamoja na mizani, usivigusegusa na usivitupe jalalani. Nenda polisi ueleze, waje wavichukue. Mizani itabaki kwako.

7. Mawe yangu yana tola, wakia na ratili. Nibadilishe vipi?

Tola 1 ni gramu 11.66, sawa na greini 180; ndiyo iliyotawala kwa masonara wa Kihindi, na bado wazee wanaitaja. Wakia ina sura mbili, na hapa watu huibiwa: wakia ya dukani ni gramu 28.35, wakia ya dhahabu ni gramu 31.10. Ukisikia bei ya wakia kwenye soko la dunia, ni ya pili. Ratili ni gramu 453.6. Frasila, kwa wanaouliza habari za pembe na nta ya zamani, ni ratili 35, karibu kilo 15.9.

Mara moja moja naletewa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, tipitipi, ndani ya kisanduku cha sonara. India zilitumika kama mawe madogo kabisa. Ziweke mbali na watoto, zina sumu kali, na usizitumie kupimia.

## Usafi kabla ya yote

8. Mkono unakwama, au kila nikipima napata jibu tofauti. Nianzie wapi?

Anzia kwenye uchafu. Katika mizani kumi ninazoletewa "zimeharibika", nyingi zimechafuka tu. Tafadhali usiguse skrubu yoyote kabla ya kusafisha.

Toa mkono polepole kwa kuuinua wima, usiuburute. Viti vya kisu viangalie kwa kioo cha kukuzia. Utakachotafuta ni nywele, nyuzi za kitambaa, utando wa buibui, nta, na vumbi jekundu la kwetu lililoganda kama tope. Chovya kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba ndani ya spiriti, pitisha kwenye kiti mara moja, tupa pamba, weka nyingine. Rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Makali ya kisu yafute kwa brashi laini, kwa kufuata urefu wake na si kukatiza.

Mwaka jana mrina asali aliniletea mizani ya greini iliyogoma kabisa: ukiweka jiwe la gramu 1, inasema greini 15, ukigonga meza, inasema 16. Kwenye kiti cha akiki cha kushoto nilikuta tone la nta dogo kuliko punje ya ulezi. Lilikuwa na rangi ile ile ya akiki, kwa macho matupu hulioni. Kisu kilikuwa kimejichimbia humo kikalala. Kazi nzima ilikuwa dakika 10.

Kipimo cha usafi: gusa mkono ucheze, uache utulie, angalia ulimi (mshale wa mkono unaoonyesha usawa) uliposimama. Fanya hivyo mara 10. Ukirudi pale pale kila mara, kisu kiko huru. Ukisimama ghafla huku bado una mwendo, kuna kitu kinakwaruza. Mara nyingi ni bapa linalogusa sumaku au pingili ya kitanga inayogusa nguzo.

9. Kisu kimekuwa butu. Ninoe?

Hapana. Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilipewa mizani nzuri ya sonara, nikaona makali yake yanang'aa vibaya, nikayapitisha kwenye msasa laini. Kisu kilipata makali ya kunyoa nywele, na mizani ikafa. Makali ya kisu cha mizani si kwa ajili ya kukata. Ni mstari mmoja ulionyooka, ulio sambamba na visu vingine viwili vya pembeni. Ukiusogeza kwa unene wa unywele, mikono haiko sawa tena. Mwenyewe hakunigombeza, aliichukua akaondoka kimya, na sijaisahau sura yake.

Kisu kikiwa kimemeguka kweli, kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kusaga kwa kipimo. Kikiwa kimechoka kidogo tu, tumia njia ya swali la 17, inayotaka kisu kilicho huru tu, mikono iwe sawa isiwe sawa.

10. Nitie mafuta?

Kwenye kisu na viti, kamwe: mafuta hunasa vumbi na kugeuka gundi. Isipokuwa mizani chache za zamani ambazo badala ya sumaku zina kijibakuli ambamo bapa huzama kwenye mafuta mepesi. Hapo mafuta ni sehemu ya mashine, lakini yaishie ndani ya kijibakuli.

11. Sumaku imejaa vitu vyeusi kama nywele. Ni nini?

Kwa wa Nzega na Igunga ni ule mchanga mweusi unaobaki kwenye karai pamoja na dhahabu. Una chuma, na sumaku inauita kutoka mezani. Ukijaa katikati ya sumaku unagusa bapa, na mizani inakuwa nzito kusogea. Brashi haiutoi, inauhamisha tu. Kunja selotepu, upande wa gundi ukiwa nje, ibandike juu ya mwiko mwembamba wa plastiki, pitisha katikati ya sumaku taratibu, toa, badilisha. Kisha hamishia kazi ya karai meza nyingine.

Na kwa sababu hiyo hiyo usipime kitu cha chuma kwenye mizani yenye sumaku, wala usitumie mawe ya chuma cha kumimina. Sumaku italivuta jiwe na kukupa jibu la uongo lililotulia vizuri kabisa, ambalo ni baya kuliko linaloyumba.

12. Ilikaa Uvinza kwenye chumvi miaka mingi, imepata kutu. Inafaa?

Kutu ya chumvi ni kali kuliko ya maji ya ziwa. Kitako kikiwa na kutu, haidhuru: sugua, paka rangi. Mkono ukiwa na kutu, futa ile inayobanduka tu, kisha urekebishe sifuri upya, kwa kuwa umepunguza uzito wa upande mmoja. Kutu kwenye makali ya kisu ikiwa imechimba vishimo, mizani hiyo iweke kabatini kama kumbukumbu. Mawe yenye kutu usiyaamini hata yakisafishwa. Kutu imeondoka na sehemu ya jiwe.

## Kuirekebisha

13. Nianze vipi?

Meza nzito, mbali na mlango. Weka pima maji, nyoosha. Chora kwa penseli mahali miguu ilipokaa ili kesho irudi hapo hapo. Weka mawe ya kusogeza kwenye sifuri, kikombe tupu mahali pake, kisha zungusha skrubu ya mguu mpaka ulimi ukutane na mstari. Kwenye mizani ya vitanga viwili, kazi hiyo hufanywa na nati ndogo zilizo mwishoni mwa mkono, au kwa kuongeza na kupunguza punje za risasi chini ya kishikio cha kitanga.

Jicho liwe usawa wa mstari. Ukisimama na kutazama kwa juu utasoma pembeni, na kesho ukikaa utasoma pengine. Mimi huweka simu kwenye kisimamio, kamera ikitazama ulimi, nikikuza picha. Tangu nianze hivyo mabishano na wateja yamepungua sana.

14. Mawe ya kuhakiki nipate ya aina gani? Sarafu hazifai?

Sarafu zinalika na kuchafuka, achana nazo. Tafuta mawe yaliyoandikwa daraja. Kwa kazi nyingi za mkoani kwetu M1 inatosha: jiwe la M1 la gramu 1 linaruhusiwa kukosea miligramu 1 tu, la gramu 20 miligramu 2.5, la gramu 100 miligramu 5. Mizani ya maabara inataka F1 au juu zaidi. Maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, iliyoko Dar es Salaam hupima mawe na kutoa cheti.

Huhitaji mawe ya greini kwa mizani ya greini. Gramu 1 isomeke 15.4, gramu 5 zisomeke 77.2, gramu 10 zisomeke 154.3, gramu 20 zisomeke 308.6. Yashike kwa kibanio. Jasho la vidole lina uzito.

Na sasa siri yangu ya bei rahisi. Karatasi ya kawaida ya A4 iliyoandikwa gramu 80 kwenye pakiti yake ina uzito wa gramu 5 karibu kamili. Ukikata mraba wa milimita 9 kwa 9 umepata miligramu 6.5, ambayo ndiyo sehemu moja ya kumi ya greini. Haifai kuthibitisha mizani, maana karatasi hunywa unyevu, lakini inafaa sana kujua kama mizani yako inaona au imelala.

15. Nijaribu vipi ili nijue iko sawa?

Kwanza sifuri, mara tano, kwa kuondoa kikombe na kukirudisha. Kisha jiwe moja la katikati, tuseme gramu 10, mara 10, ukiliondoa kila mara. Majibu yakitawanyika zaidi ya mgawanyo mmoja mdogo wa mizani, rudi swali la 8, usiendelee. Wengi huruka hapa, wanakimbilia kurekebisha kitu ambacho hakijatulia.

Ikirudia vizuri, panda: jiwe dogo, la kati, kubwa, na rudi chini kwa njia hiyo hiyo. Andika kila jibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwisho rudi sifuri. Ikihama, kuna kilichosogea wakati wa jaribio. Halafu weka kile kipande cha karatasi cha swali la 14 juu ya mzigo: ulimi usogee. Usiposogea na karatasi moja, jaribu mbili, tatu. Idadi iliyousogeza ndiyo kiwango cha kuona kwa mizani yako, hata kama kitako kimeandikwa vinginevyo.

16. Sifuri iko sawa, lakini nikipanda inakosea. Kwa nini?

Tazama daftari. Kama kosa linakua kwa uwiano, tuseme gramu 10 inasoma 154.1 badala ya 154.3 na gramu 20 inasoma 308.2 badala ya 308.6, basi jiwe la kusogeza limezidi uzito. Mara nyingi limebeba uchafu au rangi. Lisafishe, rekebisha sifuri, jaribu tena. Kosa likienda juu badala ya chini, jiwe limepungua: limemeguka, au si lake. Mawe ya kusogeza hayabadilishani kati ya mizani na mizani, hata za modeli moja, kwa sababu kiwandani kila jiwe lililinganishwa na mkono wake.

Kosa likijitokeza kwenye jino moja tu, jino hilo limelika au lina kitu. Lisafishe, kama bado, liandike kwenye karatasi ubandike kwenye kitako, na ulikwepe.

17. Nahisi mikono miwili si sawa. Na nitajuaje mnunuzi hanipunji?

Njia ya kwanza ni kubadilisha upande. Pima kitu kitanga cha kushoto, kisha cha kulia. Ukipata gramu 20.06 na 19.98, mikono haiko sawa, na uzito wa kweli ni katikati, gramu 20.02. Njia ya pili, iliyotumiwa na Mfaransa Borda, naipenda zaidi: weka kitu kwenye kitanga kimoja, sawazisha kwa mchanga upande wa pili, toa kitu, na mahali pake weka mawe mpaka ulingane tena. Mawe na kitu vimekaa kiti kimoja, kwa mkono mmoja, mbele ya mchanga ule ule. Hata mizani ya mkono uliopinda itakwambia kweli, ilimradi visu viko huru.

Ndugu yangu mchimbaji au mkulima, una haki ya kumwomba mnunuzi ahamishe mzigo na mawe, huku kwenda kule. Ni ombi la sekunde 30. Anayekataa, beba mali yako. Geuza na mawe yake pia: chini huwa na tundu lililozibwa kwa risasi, na risasi hiyo iwe na muhuri. Jiwe la mnunuzi likiongezewa risasi linakula mali yako kimya kimya, siku nenda siku rudi.

18. Mizani yangu haina sumaku, inayumba bila kukoma. Nisubiri?

Usisubiri. Soma mahali ulimi unapogeukia mara tatu mfululizo: kushoto, kulia, kushoto. Jumlisha wa kwanza, wa tatu, na mara mbili ya ule wa katikati, gawanya kwa nne. Kwa mfano 4, 10 na 5 vinakupa 7.25. Hapo ndipo ulimi ungetulia.

## Yanayobaki

19. Asubuhi iko sawa, mchana inanichezea. Ina nini?

Haina kitu, ni mahali. Upepo wa Tabora wa miezi ya kiangazi huingia hata kwenye ufa wa mlango, na feni ni adui kabisa. Jua likipiga upande mmoja wa mkono, upande huo hurefuka. Kwenye ukavu huo huo vikombe vya plastiki hupata umeme ule unaoinua nywele, na vumbi hurukia. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Sanduku la mbao lenye kioo mbele, hata la kabati kuukuu, huondoa nusu ya malalamiko.

20. Kikombe au jiwe la ziada limepotea. Nifanyeje?

Kikombe kinaweza kutengenezwa na fundi bati, kisha ukaongeza punje za risasi chini yake mpaka sifuri irudi. Jiwe la ziada la mizani kama 10-10 ni gumu zaidi, maana uzito wake haulingani na namba linayoiwakilisha. Linatengenezwa kwa kujaribu: weka mzigo unaoujua kwa uhakika, na kwangua jiwe jipya kidogo kidogo mpaka mkono usome sawa. Mpaka hapo itumie kwa uzito mdogo tu.

21. Naweza kuitumia kununulia na kuuzia?

Nyumbani na karakanani tumia upendavyo. Mbele ya mteja, mizani lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura 340, na ukaguzi hurudiwa kila mwaka. Wana ofisi mikoani, Tabora na Kigoma pia. Mizani ya greini haitakubaliwa kwa biashara, kwa sababu biashara yetu ni ya gramu na kilo. Itumie kujihakikishia, muuzie mteja kwa ile yenye stika.

22. Nitaituma vipi kwako kutoka Kigoma kwa treni?

Isisafiri ikiwa imesimama tayari kwa kazi. Mtikisiko wa saa nyingi wa reli hugonga kisu kwenye akiki kama nyundo. Toa mkono, uviringe peke yake kwenye kitambaa cha pamba. Mawe ya kusogeza yafunge kwa uzi yasitembee. Kitako funga kivyake, sumaku ziwe mbali na mkono. Vikombe na mawe weka mfuko wa tatu. Andika kikaratasi: inakwama wapi, imeanza lini, mara ya mwisho ilipima nini. Kitako kinaweza kwenda na mizigo, lakini mkono apewe abiria unayemwamini, aupakate mpaka Tabora.